Barua za Miguu Zilizofika Dobini

Hospitalini walimwita Posta. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alilipata kwa kazi. Hospitali tatu zilizokuwa zikijitegemea, kila moja na geti lake na mganga mkuu wake, ziliunganishwa zikawa moja. Majengo yalibaki palepale, ila kila hospitali ilikuja na seva yake ya barua pepe, na seva hizo tatu zilikuwa hazijuani wala hazisemezani. Akatafutwa mtu wa kuzipatanisha, na mtu huyo akawa yeye.

Alichofanya ni kuweka seva ya nne mbele ya zile tatu, akaiita Mlangoni. Barua yoyote iliyotoka nje ilipiga hodi hapo kwanza. Ilipekuliwa, ikiwa ni taka ilitupwa, ikiwa nzima iliulizwa inakwenda kwa nani. Kisha Mlangoni ilitazama jedwali lenye mistari mia mbili na kumi na minne, na kwa kufuata jedwali hilo ikaipeleka barua kwenye seva yake na kisanduku chake. Jedwali lile Posta alilijaza kwa mkono, mstari baada ya mstari, siku mbili nzima, macho yakimuwasha kama mtu aliyemenya vitunguu gunia zima. Alipomaliza alijaribu mistari thelathini, yote ikaitika. Akasema alhamdulillahi, akaenda kula.

Miezi saba ikapita bila lalamiko la maana. Wakubwa walimsifu kwenye kikao, na yeye akaanza kutembea kidogo kama mtu anayejua kuwa anajulikana.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa na mtu mwenye mikono myeupe mpaka viwikoni. Alikuwa Fundi Miguu, mkuu wa karakana ya viungo bandia, mzee mwembamba aliyekuwa akiwaundia miguu watu waliokatwa yao. Plasta, ule unga mweupe wa kuchukulia vipimo vya miguu, ilikuwa haimtoki mwilini hata siku za mapumziko. Alisimama kizingitini asije akachafua.

"Ndugu yangu, samahani kwa kukusumbua," alisema. "Yule mama mliyemweka kutuletea barua, mmemhamisha?"

Posta aligeuza kiti. "Mama yupi, mzee?"

"Wa dobi. Mama Pasi. Leo siku ya nne hatujamwona, na mimi nina watu wanangoja majibu."

"Anakuletea barua gani?"

"Barua zetu, za karakana." Fundi Miguu alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. "Si mlibadilisha mpango? Zamani zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta. Tangu mlipounganisha hospitali zinakuja kwa karatasi. Analeta asubuhi, analeta mchana. Mimi naandika jibu nyuma ya karatasi, yeye anaondoka nalo. Mpango mzuri sana. Ile kompyuta ilikuwa inajaa vumbi la plasta tu, nikaifunika shuka."

Mpango wa namna hiyo haukuwapo. Posta alifungua jedwali la Mlangoni, akashuka nalo taratibu mpaka akafika. Mstari wa mia na tisa ulikuwa wa dobi. Wa mia na kumi ulikuwa wa karakana ya viungo, na mbele yake, pale palipotakiwa kuandikwa kisanduku cha karakana, paliandikwa dobi. Alikumbuka alivyofanya. Alinakili mstari wa juu ili asiandike upya, akabadilisha nusu ya kwanza, akapitiliza kwenda wa mia na kumi na moja. Mstari huo haukuwa miongoni mwa ile thelathini aliyoijaribu.

"Kuna nini?" Fundi Miguu akauliza.

"Nipe saa moja, mzee. Barua zako nitakuletea mwenyewe."

Alipobaki peke yake alishika kichwa. Barua za karakana hazikuwa salamu za kuulizana hali. Zilikuwa za wagonjwa wa mbali wakiomba siku ya kupimwa, za hospitali nyingine zikituma vipimo, za watu waliovimba, waliochubuka, waliovunja mguu wa bandia wakirudi kazini. Moja ikipotea, kuna mtu anabaki na magongo yake akidhani amesahauliwa. Akaitazama kumbukumbu ya Mlangoni: tangu siku ile ya kwanza, barua mia tatu na kumi na nane zilizoandikiwa karakana zilikuwa zimepelekwa dobini. Akashuka ngazi mbilimbili.

Dobi ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kirefu chenye mvuke, mashine kubwa zikinguruma upande mmoja na meza za pasi zikiwa zimepangwa upande wa pili. Msaidizi wa Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye mikono ya gauni iliyokunjwa mpaka mabegani, alikuwa akikunja mashuka na kuhesabu kwa midomo bila sauti. Hakuacha kuhesabu mpaka alipofika ishirini.

"Mama Pasi yuko nyumbani," alisema. "Aliteleza Ijumaa jioni pale penye maji, akategua kifundo cha mguu. Tumeambiwa wiki mbili."

"Na barua za karakana?"

"Za miguu? Hizo hatuzigusi. Alisema ni dhamana, akirudi atazikuta."

Alimwonyesha kompyuta iliyokuwa pembeni, imefunikwa taulo safi lililopigwa pasi. Posta akakaa, akafungua kisanduku. Zilikuwamo barua za wodi zikiomba mashuka, na katikati yake, kama mchele na choroko kwenye ungo mmoja, zilikuwamo barua za miguu. Akaanza na ya kwanza kabisa, ya miezi saba nyuma. Ilikuwa imejibiwa siku ileile. Ya pili nayo ilikuwa na jibu. Ya tatu haikuhitaji jibu, lakini aliyeiandika alipelekewa neno moja la heshima: *Imefika, asante.*

Majibu yote yalianza namna moja. *Salamu kutoka karakana. Fundi anasema uje Jumatano, uvae suruali pana.* Lingine: *Fundi anasema usiuvae kwa siku tano mpaka kidonda kikauke. Naongeza mimi: usimsikilize shemeji yako kuhusu mafuta ya taa.* Lingine tena: *Fundi anasema mguu uko tayari. Naongeza mimi: geti dogo lina ngazi nane, pitia geti kubwa.* Na watu walimjibu kwa jina walilodhani ni lake, kwa sababu ndilo lililoandikwa juu ya barua zake. *Mpendwa Dokta Dobi. Mheshimiwa Dokta Dobi.* Mzee mmoja aliandika: *Dokta Dobi, mwanangu, leo nimepanda ngazi za nyumbani kwangu bila kushikwa.*

Posta alihesabu mara ya kwanza, hakuamini, akahesabu tena. Mia tatu na kumi na moja zilikuwa zimefikishwa na kujibiwa. Zilizobaki zilikuwa saba, zote za siku hizi nne, tangu mama wa watu alipoteleza.

Hakuna iliyopotea. Hata moja.

Alijikuta amekaa juu ya kapu la mashuka machafu, na msaidizi akimtazama.

"Unaumwa?"

"Hapana, dada," alisema. "Nimepona."

Alizichapa zile saba, akazibeba. Hapo ndipo alipoijua njia ya Mama Pasi. Kutoka dobini unapanda ngazi kumi na nne, unapita korido ya jikoni ambako sakafu haikauki, unatoka nje kwenye ua wa kokoto, unazunguka tangi la maji, unapita nyuma ya chumba cha mionzi, unashuka tena ngazi sita, ndipo unaikuta karakana. Mama wa miaka hamsini na kitu alikuwa akiipita njia hiyo kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, mvua na jua. Mlinzi wa uani alipoziona karatasi mkononi mwake akamuuliza, "Leo umetumwa wewe? Mama mwenyewe hajambo?" Jikoni nako wakamuuliza vilevile. Kumbe watu wote walioko njiani walizijua barua zake. Asiyejua alikuwa yeye peke yake, mwenye cheo cha barua.

Fundi Miguu alizisoma akiwa amesimama. Ya nne ilimfanya ainue kichwa. Iliandikwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Alikuwa amepangiwa kupimwa kesho, na alikuwa anauliza kama bado wanamtarajia, maana kutoka kwake ni safari ya siku nzima na basi linaondoka saa nane mchana. Asipopata jibu, alisema, ataelewa kuwa zamu yake imesogezwa.

"Saa ngapi sasa?" fundi akauliza.

"Saa sita kasoro."

"Mwambie aje. Mwambie nimeshakata plastiki ya mguu wake."

Posta alirudi dobini mbio, akipita kwenye maji ya jikoni kwa tahadhari ya mtu aliyesikia habari za mwenzake. Alikaa kwenye kompyuta ya Mama Pasi, akaandika: *Salamu kutoka karakana. Fundi anasema uje, plastiki yako ameshaikata.* Akasita. Kisha akaongeza: *Naongeza mimi: tuwie radhi kwa kuchelewa kukujibu.* Saa saba kasoro robo jibu likaingia. *Asante sana. Begi lilikuwa tayari, nilikuwa nataka kulifungua.*

Ndipo akapanda juu, akafungua jedwali, akalisahihisha. Alifuta neno moja akaandika lingine. Haikuchukua hata nusu dakika.

Mkuu wake wa kazi alikuwa mwanamke mwenye maneno ya kupima kama dawa. Posta alimweleza kila kitu bila kupamba.

"Barua za wagonjwa zimesomwa dobini miezi saba," mkuu akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lingekuwa jambo la kutupeleka pabaya."

"Najua."

"Utaandika ripoti. Usiniandikie 'hitilafu ya mfumo'. Mfumo ulifanya ulichouagiza. Andika jina lako." Alivua miwani. "Na la kwake pia uliandike, tena vizuri. Halafu ujaribu mistari yote iliyobaki, mmoja mmoja."

Posta aliijaribu mia moja na themanini na minne iliyokuwa imebaki, na yote ilikuwa sawa. Hilo nalo alilishukuru.

Alhamisi alasiri alikwenda kwa Mama Pasi. Alimkuta sebuleni, mguu umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya stuli, akimsimamia mumewe aliyekuwa anapiga pasi shati. "Kola kwanza," alikuwa akisema. "Kola kwanza, baba watoto, halafu mikono. Nani alikwambia uanze na mgongo?" Mumewe, mzee mstaafu mpole, aliihamisha pasi kwenye kola bila ubishi.

"Shikamoo, mama," alisema Posta. "Sijui kama unanijua."

"Marahaba. Nakujua, wewe ndiye Posta. Kaa, mwanangu."

"Nimekuja na mambo mawili, mama. Kuomba radhi na kutoa shukrani, na sijui nianze na lipi."

"Anza na radhi. Shukrani haziozi."

Akamweleza habari ya mstari wa mia na kumi. Alieleza polepole, akijisema kila palipostahili kusemwa. Mama Pasi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, pasi ikipumua mvuke.

"Kwa hiyo haikuwa kazi yangu," alisema.

"Haikuwa, mama."

Akamgeukia mumewe. "Umesikia? Haikuwa kazi yangu."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Niliwaza kukwambia," mumewe akasema, akaendelea na kola.

Posta akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumanne. "Mama, kwa nini hukutuambia kuwa barua za watu zinakuja kwako?"

"Wewe mwenyewe uliagiza." Mama Pasi alinyoosha mkono mezani, akachukua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa waraka wa siku ya kuunganishwa, na chini yake lilikuwapo jina la Posta. Alimwonyesha kwa kidole. *Ukipokea barua isiyo yako, tafadhali mfikishie mwenyewe bila kuchelewa.* "Hukuandika mpaka lini. Mimi nikasema, basi, wameona kompyuta ya yule mzee haifai, wamenipa mimi. Nilipiga simu huko kwenu mara mbili kuuliza kama nipewe na viatu vya kazi. Ikaita mpaka ikakata. Nikasema watu hawa wana shughuli nyingi."

Posta aliinamisha macho. Simu ile ilikuwa nyuma ya kiti chake, na alikuwa na tabia ya kuiacha ilie.

"Mkuu wangu ameniagiza nikuulize kama kuna mwingine aliyezisoma. Kwa ajili ya siri za wagonjwa."

"Hakuna. Hata huyu sijamwambia neno." Alimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Na mwambie mkuu wako hivi: mimi mashuka yao nimeyafua miaka ishirini na sita. Siri zao ninazo nyingi kuliko hizo za kwenye barua, na hazijawahi kutoka dobini."

"Nitamwambia hivyohivyo."

"Haya. Na shukrani?"

Posta akasema, "Mama, nilikosea kitu ambacho kingeumiza watu mia tatu. Nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri, wewe unanibebea kosa langu kwa miguu yako kila siku. Sina cha kukulipa. Ahsante."

Mama Pasi akafuta kitu kisichokuwapo kwenye goti lake. "Karibu, mwanangu," alisema. Na baadaye kidogo: "Yule mwalimu, alikuja kupimwa?"

"Alikuja jana."

"Alipita geti kubwa?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ungemuuliza." Akavuta pumzi. "Ndiyo basi tena. Sasa sitajua yupi amepona na yupi bado. Lilikuwa jambo zuri kulijua, unapofua."

Halafu akamwambia jambo ambalo halikuwamo kwenye kumbukumbu yoyote. Katika barua zile, wengi walilalamika kuwa soksi ya kuvalisha kigutu ndani ya mguu wa bandia inawachubua. Dobini kulikuwa na cherehani ya kushonea mashuka. Alimwomba Fundi Miguu vipimo, akachukua fulana za pamba zilizochakaa, zile laini zilizokwishafuliwa mara mia, akaanza kushona soksi zisizo na mshono kwa ndani. Alikuwa ameshona arobaini na mbili. Nyingine sita zilikuwa kwenye mkoba uleule, hazijaisha.

Posta aliondoka na jambo hilo kichwani. Kesho yake alikwenda kwa Fundi Miguu, wakaenda wote wawili kwa mkuu wa kazi, na baada ya wiki moja ya vikao jedwali la Mlangoni likapata mstari wa mia mbili na kumi na tano. Barua za kuomba soksi zilipata anwani yao, na anwani hiyo iliandikwa dobi kwa makusudi. Mganga mkuu alitia saini kibali, na safari hii Posta alisoma mstari mara tatu, akaujaribu, akampigia Mama Pasi simu kuhakikisha.

Mama Pasi alipopona na kurudi kazini, Posta alishuka kumfundisha. Wagonjwa wa zamani walikuwa bado wanamwandikia Dokta Dobi mambo ya vipimo, na barua hizo zilipaswa kwenda karakana, ambako kompyuta ilikuwa imevuliwa shuka na kupewa kifuniko cha plastiki.

"Ukiiona ya namna hii, bonyeza hapa, andika karakana, bonyeza tena. Imefika."

Mama Pasi alibonyeza. Akatazama skrini, akamtazama Posta. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Miezi saba kifungo hiki kilikuwa hapa?"

"Kilikuwapo."

Msaidizi wake alianza kucheka akiwa kwenye mashuka, Mama Pasi naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika meza. "Ngazi kumi na nne," alisema akifuta machozi. "Kokoto zile. Na tangi la maji."

Wiki ya tatu mwalimu alirudi kuchukua mguu wake. Mama Pasi aliitwa alete soksi, na Posta, ambaye siku hizo hakukosa sababu ya kupita karakana, alisimama mlangoni. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuzoea darasa. Alikuwa ameketi baina ya vyuma viwili vya kushikilia, na jambo la kwanza alilouliza ni, "Dokta Dobi ni yupi? Nimekuja na salamu zake."

Fundi Miguu akanyoosha kidole cheupe.

"Udokta tuwaachie wenyewe," alisema Mama Pasi. "Mimi nafua." Akapiga goti, akamvalisha soksi, akapitisha kidole kuzunguka ukingo kuona kama inabana. Fundi Miguu akaufunga mguu. Mwalimu akasimama, akashika vyuma, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne aliachia mkono wa kulia. Akafika mwisho, akageuka, akihema, uso wote umemwagika jasho na furaha.

"Hainichubui," alisema. "Asanteni. Wote, asanteni."

"Mshukuru na yule," Mama Pasi alisema, akimwonyesha Posta kwa kichwa. "Ndiye aliyetukutanisha. Alikosea mstari."

Mwalimu hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa adabu, akamshukuru. Posta hakujua mtu hupokeaje shukrani ya kosa lake. Aliitika, akasogea, akamshikia mlango, maana mwalimu alikuwa amesema anataka kujaribu kwenye kokoto.